Nusu ya Chini ya Picha

Ukifika Buyenzi, hapa Bujumbura, na gari linalovuta upande mmoja kila ukikanyaga breki, usihangaike kutafuta kibao. Uliza tu kwa Mohamadi wa Breki. Muuza sambusa atakuonyesha, mshona viatu atakuonyesha, hata mafundi wenzake, ambao wangependa ubaki kwao, watakuonyesha, kwa sababu kazi ya breki si ya kugombania. Injini ikikosewa, gari linalala njiani. Breki zikikosewa, analala mtu.

Mohamadi ana miaka sitini na minne. Ni mfupi, mikono yake mirefu kuliko mwili ulivyotaka, na kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe zamani. Ana binti mmoja, Amira, ndiyo maana mtaani wanamwita Papa Amira. Na ana mazoea mawili ambayo wateja wake wameyakubali, wapende wasipende.

La kwanza ni rangi ya kucha. Kila nati ya breki anayoikaza huipaka kistari kimoja chekundu, kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma kinachoishika. Nati ikilegea hata kidogo, kistari kinakatika na jicho linaona. Rangi yenyewe ni ya Amira, na Amira huyo, tangu awe msichana, hajawahi kumaliza chupa moja kwa kucha zake mwenyewe.

La pili ni mteremko wa Kinanira. Hakuna gari lililotengenezwa breki na Mohamadi linalokwenda kwa mwenyewe kabla halijapandishwa Kinanira na kushushwa, Mohamadi kwenye usukani, mwenye gari pembeni yake. Huliachia likimbie. Huliachia mpaka mwenye gari aanze kushika mlango, kisha dashibodi, kisha jina la Mungu. Karibu na daraja dogo la mtaro, ndipo anakanyaga. Gari likisimama, anavuta breki ya mkono, anashuka na kusema neno moja: "Chukua."

Yuko bwana mmoja wa ofisi kubwa aliyesema hana muda wa michezo hiyo, apewe ufunguo wake. Mohamadi hakubishana. Aliutundika ufunguo kwenye msumari, akaenda kuswali alasiri. Aliporudi, bwana alikuwa amekwishakaa kwenye kiti cha pembeni, mkanda umefungwa, mkoba mapajani.

Watu husema ni mbwembwe za mzee, wengine husema ni njia ya kujitangazia kazi. Si mbwembwe. Sababu yake ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha studio moja ya picha pale Rohero kwa miaka thelathini na minane, na mji mzima umepita mbele yake.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1987. Mohamadi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na alikuwa fundi wa Sylvère. Siku za kazi Sylvère alikuwa dereva wa lori, akipanda na kushuka milima na mifuko ya saruji. Jumapili za mashindano ya magari alikuwa mtu mwingine. Aliendesha Pijo 504 nyeupe ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, na pembeni yake alikaa kopilote wake Bahizire, kijana wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, kazi yake kuinamia daftari na kumsomea njia: kulia kali, kushoto refu, daraja, bonde.

Mashindano ya wakati ule yalikuwa kwenye barabara za vumbi za milimani, na kwa kweli ulikuwa ni wazimu wenye ratiba. Mikanda ilikuwa ile ile ya kwendea kazini. Kofia ngumu Sylvère aliivaa kwa sababu waandaaji walidai, lakini kamba yake hakuifunga. Wenzake walipunguza mwendo kwenye kona. Yeye aliligeuza gari kabla kona haijafika, likaingia kwa ubavu, mkia ukining'inia upande wa bonde. Wakulima waliacha majembe wakaja kusimama ukingoni kabisa. Kokoto ziliwapiga magotini, na jioni walionyeshana makovu kwa furaha.

Hapo ukingoni, upande wa nje wa kona, mahali ambapo hata wakulima hawakusimama, ndipo aliposimama Ilias na kamera yake. Ilias alikuwa mtoto wa Buyenzi kama Mohamadi, walisoma pamoja madrasa. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alisema gari la mbio ukilifuata kwa macho, umelikosa. Kwa hiyo alichora mstari wa chokaa barabarani, akahesabu hatua kumi na mbili mpaka mahali pake pa kusimama, akaifunga lenzi kwenye umbali huo, na gari likikaribia tu kugusa chokaa, akabonyeza. Kwa nini upande wa hatari? Kwa sababu kutoka upande wa pili, alisema, unapata gari. Kutoka upande huu unapata uso.

Jumapili moja ya mwaka ule magari matano yalipita kwenye kona ya mikaratusi, alipokuwa amesimama Ilias. La sita lilikuwa la Sylvère. Lilikwenda moja kwa moja pale ambapo barabara inageuka, likaruka ukingo, likabingirika bondeni. Sylvère hakufika hospitali. Bahizire aliamka baada ya siku mbili, na asubuhi nzima ile ilikuwa imefutika kichwani mwake. Alirudi Uvira na tangu hapo hajaendesha hata baiskeli.

Bondeni walilikuta gari limelala chali, na mpira wa breki wa gurudumu la mbele, kushoto, umekatika. Mpira huo Mohamadi aliubadilisha kwa mikono yake Jumamosi jioni. Je, ulikatika barabarani au ulikatika wakati wa kubingirika? Mchana wa siku ile mvua kubwa ilinyesha ikafuta alama zote za matairi. Mvua ilifuta, mji ukajaza: breki zilikataa, fundi hakukaza.

Na ubaya wenyewe, Mohamadi naye hakujua. Jumamosi ile alikuwa anaikaza nati ya mpira ule adhana ya magharibi ilipolia. Aliiacha spana ikiwa bado imeshika nati, akaenda kuswali. Aliporudi aliendelea na kazi. Lakini aliendelea wapi? Alirudi kwenye nati ile au alishika nyingine? Alijiuliza hilo asubuhi na mchana, alijiuliza akiwa anaoa, alijiuliza Amira alipozaliwa.

Matanga yalipomalizika, mjane wa Sylvère, Béatrice, alikuja gereji. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Hakulia wala hakutukana. Aliuliza kitu kimoja.

"Mohamadi, uliukaza?"

Mohamadi alisema aliukaza. Lakini jibu lilichelewa kidogo, na Béatrice alikisikia kile kidogo. Tangu siku ile hakumsalimia tena. Wakikutana njiani, yeye ndiye aliyevuka barabara.

Ilias, kwa upande wake, alipata jina. Alikuwa amebonyeza kwa wakati. Picha ilitoka kubwa, akaitundika kwenye kioo cha studio: boneti nyeupe, matone ya tope hewani, na nyuma ya kioo uso wa Sylvère, macho yamefunguka. Picha iliishia chini ya taa, hapo hapo. Watu walisimama kuitazama wakielekea sokoni, na walibishana juu ya macho yale. Hayakuangalia kona wala mpiga picha. Yaliangalia mbele kidogo, chini kidogo. Wengine walisema ameona mauti yake. Wengine walisema anamwona mama yake. Ilias alipoulizwa alijibu kwamba yeye ni mpiga picha tu.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Madereva wa mbio hawakumpa tena Mohamadi hata nati ya gurudumu. Alianza upya na teksi mbovu, akaanza kupaka rangi ya kucha, akaanza kupanda Kinanira. Na polepole, bila mtu kutangaza, yule aliyesemwa hakukaza breki akawa ndiye mtu wa breki. Wateja wengi wa leo hawajui hata habari za 1987. Lakini Béatrice alijua, na Mohamadi alijua kwamba Béatrice anajua.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, Pijo 504 nyeupe iliingia gereji ikivutwa kwa kamba. Petroli ilikuwa haipatikani mjini, foleni za mafuta zimekuwa makazi, kwa hiyo gari kuvutwa halikuwa jambo la kushangaza. La kushangaza ni mwanamke aliyeshuka. Alikuwa wa miaka kama arobaini, amevaa nguo za ofisi, viatu mkononi kwa sababu ya oili iliyomwagika chini.

"Papa Amira, mi naitwa Gaëlle. Mi ni mutoto wa Sylvère."

Mohamadi alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Nakujua. Una paji lake la uso. Mama anajua uko hapa?"

"Apana. Alisema nipeleke gari kwa fundi yeyote, ila si we. Nimezunguka gereji sita. Wote wananiambia breki za 504 ni we tu."

"Na we unaniamini?"

"Mi sikujui. Nimesikia kuna kiti cha pembeni huko Kinanira. Nitakaa hapo kama watu wengine."

Mohamadi akacheka kidogo, bila kutaka.

Gaëlle alimweleza yote. Yeye na wenye magari ya zamani wapatao kumi walikuwa wanaandaa siku yao: magari yataondoka Kibenga, kando ya ziwa, yatapanda mpaka Kinanira na kurudi, na mahali pa kumalizia zitatundikwa picha za Mzee Ilias za mashindano ya zamani. Gari hili alilinunua kwa padri mstaafu wa Gitega. Alitaka liwe kama lile la baba yake, namba ile ile mlangoni, taa zile zile. Mafuta ya siku yenyewe mtu angewaletea kwa madumu ya bidoni kutoka Uvira.

Mohamadi alilifanyia kazi wiki tatu. Mpira wa breki wa mbele, kushoto, aliufunga akaufungua mara nne. Adhana ilipolia akiwa juu ya nati ile, aliimaliza kwanza, akapaka kistari, ndipo akaenda, na alichelewa rakaa moja.

Kitu kimoja kilimshinda. Chini ya bampa la gari la Sylvère kulikuwa na bamba la chuma la kukinga injini na mawe, na bamba hilo alilitengeneza yeye. Aliweka matundu ya kupitisha upepo, lakini mangapi, na kwa mpangilio gani? Alikuwa amesahau. Picha ya studio haikusaidia, kwa kuwa iliishia juu ya bampa. Alimwambia Gaëlle amuulize Mzee Ilias kama ana nyingine.

Gaëlle alikwenda Rohero. Ilias, macho yake yameingia ukungu siku hizi, alimwonyesha boksi la bati juu ya kabati. Alimwambia alichukue lote; filamu zote za mashindano zimo humo. Gaëlle alizipeleka kwa rafiki yake mwenye mashine ya kuziingiza kwenye kompyuta, na Alhamisi mchana alirudi gereji na simu mkononi, amefurahi.

"Papa Amira, tazama. Ile picha ya studio ilikuwa imekatwa. Hii ndiyo nzima. Bamba lako lile."

Mohamadi alivaa miwani. Aliyaona matundu: matano, matatu juu na mawili chini. Alicheka, akasema kumbe alikuwa na akili wakati ule. Kisha kidole chake kikateleza kwenye kioo cha simu, picha ikasogea, na gurudumu la mbele la kushoto likaja katikati.

Aliacha kucheka.

Sasa hapa inabidi kueleza kama fundi anavyoona. Piga picha gari likienda mbio, na gurudumu linalozunguka litatoka kama sahani iliyopakwa maji. Huwezi kuona nati zake, zinachanganyika na kuwa duara. Pijo ile ina nati tatu kila gurudumu. Mohamadi alikuza picha kwa vidole viwili, akakuza tena, na alizihesabu zote tatu, kila moja na tope lake, zimetulia kama gari lililoegeshwa. Nyuma ya tairi, kwenye udongo uliolowa, kulikuwa na mfereji mmoja mnyoofu wa tairi linaloburutwa. Upande wa kulia vile vile.

Aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Zilishika," alisema.

Gaëlle hakuelewa.

"Breki. Zilishika, mwanangu. Gurudumu limekamatwa, limesimama kabisa. Mpira ulikuwa mzima. Umekatikia bondeni." Alimshikisha kidole juu ya picha, nati moja moja. "Hesabu. Moja. Mbili. Tatu."

Gaëlle alihesabu. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kama breki zilikuwa nzima, baba alikanyaga breki hivyo kwa nini, pale ambapo hakuwahi kukanyaga?

Mohamadi akaishusha picha mpaka mwisho wake wa chini. Barabarani, hatua chache mbele ya bamba, lilikuwa limelala tawi la mkaratusi na majani yake.

Kila dereva wa huku anajua maana yake. Lori likifa kwenye kona, turniboi, yule msaidizi wa dereva, anakata majani anayalaza barabarani nyuma na mbele, ili anayekuja ajue. Ukiona majani, unakanyaga kwanza, kufikiri baadaye. Mbele yako kuna tani ishirini zimesimama. Sylvère alikuwa ametoka kwenye lori Jumamosi. Wiki nzima mguu wake ulikuwa umetii majani. Jumapili, kwenye kona, juu ya tope, ulitii tena, na gari lenye breki nzuri likasimamisha magurudumu yote manne na kuteleza moja kwa moja.

Haya ndiyo aliyokuwa akiyaangalia, Sylvère wa watu. Hakuona mauti wala mama yake. Aliona majani.

"Lakini barabara ilikuwa imefungwa kwa mashindano," Gaëlle alisema polepole. "Lori lilitoka wapi?"

Mohamadi aliisogeza simu karibu na miwani. Alikuwa anatazama majani. Kwenye picha nzima hakuna kitu kilichotoka wazi kuliko yale majani. Ungeweza kuyahesabu na mishipa yake. Na yeye alimjua mtu mmoja tu ambaye lenzi yake hufungwa kwenye alama aliyoilaza mwenyewe, hatua kumi na mbili.

Alimwomba Gaëlle amwachie jambo hilo mpaka kesho. Alikwenda Rohero kwa miguu.

Studio ya Ilias imebaki chumba kimoja chembamba. Mwaka 2013, soko kuu lilipoungua na moshi ukaingia mpaka kwenye maduka ya jirani, Mohamadi ndiye aliyekimbia kutoka Buyenzi kumsaidia kutoa vitu. Ilias hakuanza na kamera wala na mashine. Alianza na boksi la bati. Na boksi hilo Mohamadi alilibeba mwenyewe, juu ya kichwa chake.

Ilias aliitambua hatua yake mlangoni.

"Umeiona," alisema.

"Nimeiona."

"Nilimpa boksi lote. Ningeweza kuitoa ile moja, Mohamadi. Sikuitoa."

"Kwa hiyo ulitaka mutoto wa marehemu akusemee."

Ilias alivuta kiti akaketi. Kisha alieleza, na alieleza kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi akiwa peke yake. Manyunyu yalipita baada ya gari la tano, chokaa ikasombwa, na mfuko wake ulikuwa mtupu. Alivunja tawi akalilaza mahali pa mstari. Yeye hajawahi kushika usukani maisha yake yote; akipanda basi analala. Majani kwake yalikuwa majani. Baada ya ajali alilitupa tawi mtaroni bila kufikiri, akakimbilia bondeni kama wengine. Alielewa siku alipoosha filamu, alipoona macho ya Sylvère yanaelekea wapi.

"Nikaikata picha kwa chini mpaka majani yakatoka."

"Na magurudumu?"

"Yalitoka nayo. Wallahi sikufikiria magurudumu. Nilifikiria majani tu."

"Mwaka wa kwanza hukufikiria," Mohamadi alisema. "Na ile thelathini na saba iliyobaki?"

Nje mtu aligonga kioo akiuliza kama wanatoa picha za pasipoti. Hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

Mohamadi aliisogelea meza. Alikuwa ameandaa matusi njia nzima kutoka Buyenzi, mengine mazuri sana. Lakini mbele yake aliketi mzee anayepapasa ukingo wa meza kwa vidole, na matusi yalimtoka kichwani kama ile asubuhi ilivyomtoka Bahizire. Akasema anachotaka, na kilikuwa vitu viwili. Picha itundikwe nzima, na chini yake Ilias aandike mwenyewe majani yalikuwa ya nani. Ilias akasema macho yake hayaoni vizuri. Mohamadi akamjibu kwamba mkono hauumwi.

"Na cha pili, Mama Gaëlle asije akaisoma ukutani. Nenda kamwambie kwa mudomo wako. Mi sitakupeleka."

Ilias alikwenda Ijumaa baada ya swala, peke yake, na moto-teksi ilimpandisha hadi Kinanira, ambako Béatrice anaishi kwa binti yake. Walichozungumza hakuna aliyekisikia. Jirani alisema tu kwamba mzee aliingia akakaa muda mrefu, na alipotoka Béatrice hakumsindikiza, lakini alimtuma mtu amwonyeshe ngazi.

Jumamosi asubuhi Gaëlle alikuja kuchukua gari. Hakuja peke yake. Mama yake alishuka kwenye teksi, kitenge kimefungwa vizuri, akatazama gereji kama mtu anayeitazama kwa mara ya pili katika maisha yake, na ndivyo ilivyokuwa. Alifungua mlango wa pembeni wa Pijo nyeupe, akakaa. Gaëlle akaenda nyuma.

Mohamadi aliendesha. Walipanda mpaka juu Kinanira. Aligeuza gari, akasimama, mteremko wote mbele yao na ziwa chini.

"Mwaka ule nilikuuliza," Béatrice alisema. "Ulichelewa kunijibu."

"Nilikuwa sijui. Nilienda kuswali, spana ikiwa kwenye nati. Mpaka Alhamisi hii nilikuwa sijui."

Béatrice aliitikia kwa kichwa, akilipokea jibu.

"Mi nakaa nyumba ile ya bati la kijani," akaonyesha kwa kidevu. "Miaka kumi nayaona magari yako yanashuka hapa. Nikawa najiuliza, huyu anashuka kila siku anatafuta nini." Alifunga mkanda. "Shuka basi, Mohamadi. Na mi nione."

Aliliachia. Gari lilichukua mwendo, nyumba ya bati la kijani ikapita, Gaëlle nyuma akashika kiti kwa mikono miwili. Béatrice hakushika kitu. Karibu na daraja la mtaro Mohamadi alikanyaga, na Pijo ikasimama, imenyooka, pua yake chini.

Alishuka, akainama kwenye gurudumu la kushoto na tochi ndogo. Kistari chekundu kilikuwa kizima. Akasahau kusema neno lake, na ni Béatrice aliyemgeukia binti yake akasema, "Chukua."

Jumapili Kibenga ilijaa. Picha nzima ilitundikwa ukutani mahali pa kumalizia, na chini yake karatasi yenye herufi kubwa zilizopinda: *Tawi hili nililiweka mimi, Ilias, kwa ajili ya picha. Dereva aliliona akashika breki. Breki zilikuwa nzima. Fundi alikuwa Mohamadi.* Mafundi wa Buyenzi walikuja wote, na kila mmoja, hata wale wenye migongo mibovu, aliinama kuhesabu nati. Ilias alikaa kwenye kiti chini ya picha yake tangu asubuhi. Kila aliyeuliza, alimjibu.

Saa sita hivi Mohamadi alichukua kiti akakaa karibu naye. Hakumsalimia, lakini kiti alikileta mwenyewe. Juu mlimani injini ilisikika ikianza kushuka.

"Nani huyo?" Ilias aliuliza.

"Gaëlle."

"Anaingiaje kona?"

Mohamadi alikinga macho kwa mkono.

"Anapunguza."

"Baba yake hakuwa anapunguza."

"Apana."

Walisikiliza. Sauti ilikaribia, ikafika kwenye kona ya mwisho, na hapo injini ilishuka sauti, matairi yakakwaruza kidogo, yote kwa pamoja.

"Amekanyaga," alisema Ilias.

"Nimesikia," alisema Mohamadi, akainuka kwenda kutazama kistari.